Kimya cha Mwari

Mwari aliyetiwa ndani haonani na bwana harusi wake mpaka nikaha ipite. Jambo hilo kijiji kizima cha Munje kinalijua, na Swabir alilijua kuliko wengi, maana alizaliwa nyumba za jirani na msikiti na kulelewa na mama asiyesamehe makosa ya adabu. Ndiyo maana shangazi Mwanatumu alipotoka jikoni na kibuyu cha maji, akamkuta kijana huyo amesimama mchana kweupe chini ya dirisha la mwari, alifikiri kwanza ameona jini.

"Wee Swabir! Umerogwa?"

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, na urudi ulikotoka. Ijumaa si mwakani. Hata hiyo hamu yako haiwezi kufungwa kamba siku hizi zilizobaki?"

Siku nyingine Swabir angecheka. Alikuwa bado amevaa sare ya hoteli ya Galu anakotunza mabwawa ya kuogelea, na harufu ya dawa ya maji ilikuwa imemfuata mpaka huku. Hakucheka.

"Sikuja kumwona. Nina neno moja la kumuuliza. Dirisha na libaki limefungwa."

Ndani, Twaiba alikuwa ameketi juu ya mkeka, amepakwa liwa usoni, hina ya mikono bado mbichi, viganja ameviweka juu ya magoti visiguse kitu. Aliposikia sauti ile moyo ulimruka kwa furaha. Mpumbavu moyo ule. Alidhani ameletewa mapenzi.

"Twaiba."

"Abee."

"Leo wamekuja wageni hotelini. Watu wa kampuni ya misafara, kutoka Moshi. Wanataka vyumba vya kundi la wanawake watakaoanzia safari Diani, waende kwa mabasi mpaka kwenye maporomoko huko Zambia. Meneja akawauliza, kiongozi wenu ni nani? Wakasema ni binti wa huku huku, wa Munje, mwenye begi la buluu lenye kiraka. Mimi nilikuwa nachota majani bwawani. Nikawaambia, hapana jamani, mmekosea. Huyo binti anaolewa Ijumaa."

Twaiba aliinua uso kulielekea dirisha.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, Swabir."

"Safari ya lini?"

"Baada ya fungate. Kisha nyingine baada ya hiyo. Ndiyo kazi yenyewe, nitakuwa nakwenda na kurudi." Sauti yake ilijaa mshangao wa kweli. "Lakini mbona waniuliza kana kwamba ni jambo geni? Nilisema siku ile ya posa. Nilimwambia baba kwenye simu, wazee wote wakiwa wamekaa. Na nilipokuuliza kama umeambiwa nilivyojibu, ulinambia umeambiwa, na usiku ule hukulala kwa furaha."

"Niliambiwa umeridhia."

"Na sharti langu?"

"Sharti gani?"

Kibuyu kilimponyoka shangazi Mwanatumu, maji yakamwagika mchangani.

Hapa hakuna mtu aliyesema uongo, na hilo ndilo linaloniudhi mimi ninayewasimulia. Angekuwapo mwongo tungemlaani, tukapumua. Lakini hawa wote walikuwa watu wema, na wema wao ndio uliowafikisha pabaya.

Begi lenyewe lilitoka kwa Swabir. Mgeni mmoja alilisahau hotelini, likakaa stoo hata lilipokosa mwenyewe wafanyakazi wakaambiwa anayelitaka achukue. Swabir akalitia kiraka palipochanika, akampelekea Twaiba, ambaye wakati huo alikuwa akifua mashuka kwenye hoteli ya jirani na kila siku akiwauliza wageni walikotoka. "Chukua," alimwambia. "Ukaone Tanga, urudi unisimulie." Alidhani anampa wiki mbili za furaha. Tanga ikazaa Lushoto, Lushoto ikazaa Iringa, Iringa ikazaa Mbeya. Mwaka ukaisha, na wa pili ukaanza, binti yuko peke yake njiani, hapa anaosha vyombo kwenye nyumba ya wageni apate pa kulala, pale anawafundisha wazungu Kiswahili apate nauli.

Na kila jioni alimpigia Swabir. Alimsimulia baridi ya milimani na samaki wa ziwani. Swabir alikuwa akisikiliza, akimpenda zaidi, akiamini kwamba mtu anayesimulia hivyo anasimulia njia ya kurudi.

Lakini njia ilikuwa na mambo yake. Kwenye stendi ya Mbeya Twaiba alimkuta mama wa makamo, Rispah, mwalimu kutoka Voi, ameketi kwenye benchi tangu asubuhi na mabasi yanampita. Alikuwa ametamani maisha yake yote kuliona ziwa la Malawi, na sasa miguu ilikuwa imemkatalia. Twaiba alimshika mkono. "Twende, mama," alimwambia. "Mimi pia niliogopa." Walikwenda. Mwalimu alipoingiza miguu kwenye maji yale alilia kwa kwikwi, na Twaiba, aliyesimama kando ameshika viatu vya mwenzake, akajua kwamba ameiona kazi yake. Rispah alimwambia dada yake, dada akamwambia rafiki, na wanawake wakaanza kumtafuta: nipeleke na mimi. Hata ile kampuni ya Moshi ilimpata kwa mdomo wa wanawake hao. Swabir, akisimuliwa habari zao jioni, aliwadhani wenzake wa njiani tu.

Siku ya posa Twaiba alikuwa mpakani Kasumulu, anangoja kugongewa muhuri.

Shangazi Mwanatumu alikuwako upande wa huku wa simu, na sasa alisogea chini ya dirisha, uso umempauka.

"Mwanangu," alisema, "mimi nilikuwapo. Simu babako aliiweka juu ya meza, sauti wazi, sote tukisikia. Akakuuliza, Twaiba, watu wa Swabir wameleta posa, umeridhia? Nawe ukanyamaza."

"Sikunyamaza, shangazi! Nilisema, nimeridhia baba, lakini nina sharti moja, asinizuie kazi yangu ya safari. Nilisema mpaka watu wa foleni wakageuka kuniangalia!"

"Sisi hatukusikia hata herufi. Tulingoja. Kimya. Mjumbe wa Bi Hasina, mama wa Swabir huyu, akasema, alhamdulillahi, mwari amenyamaza, na kimya cha mwari ni ridhaa. Tukapiga vigelegele." Shangazi akajifuta macho kwa ncha ya leso. "Tulikusifu, mwanangu. Tukasema, tazameni mtoto huyu, kazunguka dunia nzima na haya zake bado anazo."

Mtandao ulikuwa umekatika. Kila nyumba nyingine duniani simu ikinyamaza watu husema haloo, haloo, wakapiga tena. Kwa wazee wa Munje simu ilinyamaza mahali pale pale ambapo binti mwenye adabu hunyamaza, na hakuna aliyeona haja ya kuuliza mara ya pili. Twaiba naye, simu ilipokatika, alijua amesema lake. Wakati wote wa uchumba hakulitaja tena, kwani masharti ya ndoa huzungumzwa na wazee, si na wachumba.

Swabir aliegemea ukuta.

"Kwa hiyo mimi nimeishi na kimya," alisema polepole. "Nimejenga chumba, nimenunua kitanda, nimewaambia watu wote wa Galu, kwa sababu ya simu iliyokatika."

"Swabir, lakini nimeridhia! Nakupenda. Nini kimebadilika?"

"Unakwenda."

"Na narudi. Kila mara nitarudi. Sikurudi mimi?"

"Umerudi. Kisha?"

"Kisha nitakwenda, nikurudie tena."

"Na mimi katikati hapo niwe nani?"

Twaiba alisahau hina, akakiweka kiganja juu ya ubao wa dirisha. "Ungoje kidogo," alisema kwa upole. "Wewe wajua kungoja. Hakuna anayejua kama wewe."

Hapo ndipo sauti ya Swabir ilipovunjika.

"Usiniambie najua kungoja kana kwamba ni sifa! Babangu alipanda meli mimi natambaa. Mama kila Idi anapika sahani yake, anaifunika kawa, anaiweka. Mpaka leo, Twaiba, mpaka Idi hii iliyopita! Na jua likitua ananipa mimi niile ili chakula cha Mungu kisitupwe. Nimeila sahani ile tangu utotoni. Ladha yake naijua. Nilikungoja wewe nikajiambia, hii ni mara moja tu, hii ina mwisho. Siwezi kuifanya iwe maisha yangu."

"Mimi si babako."

"Wallahi najua. Ungekuwa yeye ningekuchukia, mambo yakawa mepesi."

"Basi njoo nami. Wakutane nasi sote wawili, kampuni inataka watu waaminifu—"

"Nimwache mama na sahani mbili?"

Ndani ya jiko nazi iliyochujwa ilianza kuchemka, ikafurika juu ya kuni, na hakuna aliyekwenda kuiepua.

"Nitaacha," Twaiba alisema mwishowe. Alilisema haraka, kama mtu anayeruka kisima. "Nitawapigia Moshi kesho. Nitarudi kwenye mashuka. Sikiliza, nitaacha."

"Ukiacha utakuwa nani?"

"Mkeo."

"Twaiba." Alilitamka jina hilo taratibu, jinsi alivyokuwa akilitamka kwenye simu jioni. "Ukiisimulia njia sauti yako hubadilika. Humea. Mimi nilikuwa nakaa kwenye ngazi za bwawa, simu sikioni, naisikiliza, najiambia hii ndiyo sauti ninayotaka kuzeeka nayo. Sikujua kuwa nimependa sauti ambayo haipatikani ila ukiwa mbali nami."

Hapo komeo la dirisha lilifunguka. Shangazi Mwanatumu alinyanyua mkono akemee, akautazama, akaushusha.

"Nazi inaungua," alisema. "Mimi nimekwenda jikoni. Sikuona kitu, na Mungu ni shahidi yangu kwamba sikuona."

Wakatazamana. Mapenzi ya watu wengine huwa na faragha ya bustani na mwezi. Hawa walikuwa na ubao mmoja ulioachama, upana wa uso. Liwa ilikuwa imempasuka Twaiba mashavuni pale machozi yalipopita. Swabir alimtazama macho, akamtazama midomo, kisha akaitazama mikono ile iliyochorwa maua kwa ajili yake, ua moja limechubuka. Alitaka kuubusu mkono ule. Hakuubusu, kwani haukuwa wake bado.

"Begi liko wapi?" aliuliza.

"Liko hapa, nyuma ya mlango. Mkanda mmoja ulikatika Tunduma, nimeufunga kamba."

"Nipe."

Twaiba alielewa, au alidhani ameelewa: analichukua lisimshawishi tena. Alilipitisha dirishani bila kusita, akiona fahari ya kulitoa, na lilipotoka mikononi mwake alihisi mgongo wake mtupu kana kwamba amevuliwa nguo.

"Ijumaa baba yako atakuja na mashahidi kukuuliza," Swabir alisema, begi kifuani. "Safari hii hakuna simu. Jibu kwa sauti. Ukisema ndiyo, ndiyo isiyo na lakini, nitakuoa na sitalitaja jambo hili hadi kaburini. Ukisema hapana, nitawaambia watu mimi ndiye niliyevunja, hakuna atakayekunyooshea kidole. Chagua unalotaka. Lakini nakuomba kitu kimoja, Twaiba. Usininyamazie."

Akaondoka kupitia minazini, asigeuke nyuma.

Ijumaa ilifika na kila kitu chake. Masufuria ya pilau yalitoa harufu mpaka barabarani, akina mama walikuwa wameshona sare moja, na wimbo wa kumtoa mwari ulikuwa umeanza ua wa nyuma. Shangazi Mwanatumu alimfukiza Twaiba udi, akamrembesha, akamtania kama desturi inavyotaka. "Mtembezi hula miguu yake," alisema akimfunga vikuku, "lakini yako bado mizima, tena ina hina." Hakuna aliyecheka sana. Jambo la dirishani shangazi hakumwambia mtu, hata kaka yake.

Baada ya sala, baba yake, Mzee Matano, aliingia na mashahidi wawili. Alikuwa mtu mpole, mkulima wa minazi, na kanzu yake mpya ilikuwa na mikunjo ya dukani. Alisimama nje ya pazia.

"Twaiba binti Matano. Swabir amekuomba. Umeridhia nikuozeshe?"

Twaiba alikuwa ameliandaa neno. Alilala nalo, aliamka nalo, lilikuwa ndiyo. Akalifungulia mdomo na mbele ya macho yake akamwona mwalimu Rispah ameingiza miguu majini, analia. Ndiyo haikutoka. Basi akasema moyoni, na iwe hapana, nimwachilie huru. Akamwona Swabir akila sahani iliyopoa. Hapana nayo haikutoka. Alikaa pale katikati ya maneno mawili, akilia bila sauti, akijua vizuri kabisa kwamba kila pumzi anayovuta inamjibia. Akaiacha imjibie. Alijiambia hiyo nayo ni njia ya kumpenda.

Mzee Matano aliuliza tena. Alingoja kuliko wanavyongoja baba wengine.

"Mzee," shahidi mmoja alinong'ona, "mwari kanyamaza. Kimya ni ridhaa. Twende, watu wanangoja."

Vigelegele vilipasuka. Wakamkumbatia, wakamtuza, shangazi akamfuta machozi akisema ndivyo walivyolia wote. Twaiba aliketi akihesabiwa kuwa mke, akasikiliza upande wa msikiti, akingoja ile sauti ya watu wengi wakiitikia dua.

Haikuja.

Ilikuja sauti ya viatu. Mzee Matano aliingia uani peke yake, na shangazi, aliyekuwa wa kwanza kumtazama, aliona kwamba amevaa ndara ambazo si zake, moja ya buluu na moja nyeusi. Wimbo ulikatika.

"Nilimwambia nimekuja na ridhaa," alisema mzee. Alizungumza na pazia, kana kwamba wengine hawapo. "Alikuwa ameketi mbele ya shehe, mkono ameshautoa. Akaniuliza, baba, amejibu kwa sauti? Nikamwambia, amenyamaza, mwanangu, na kimya cha mwari ni ridhaa. Akaurudisha mkono wake." Mzee alivuta pumzi. "Akasema, nisamehe baba, kimya nimeshakioa mara moja, sikiwezi mara ya pili. Kisha akainuka, akawaambia watu wote kwamba aliyevunja ni yeye, asitafutwe mwingine. Akamshika mamake mkono, wakaondoka."

Pazia lilisukumwa. Mwari alisimama mlangoni mbele ya wanaume na wanawake, nywele na udi na dhahabu ya kuazima.

"Nimeridhia!" Twaiba alipiga ukelele. Sauti ilifika mpaka barabarani. "Baba, nimeridhia! Nimesema! Mmesikia wote, nimesema!"

"Tumesikia, mwanangu," Mzee Matano alisema, na machozi yakamwingia ndevuni. "Tumesikia sisi."

Ni shangazi Mwanatumu aliyemrudisha ndani na kumkalisha. Alisimama kitambo, akipapasa ushanga wake. Kisha akalifungua dirisha.

"Liko hapa tangu alfajiri," alisema. "Nililiona nilipotoka kuwasha moto. Sikutaka kukuonyesha. Nilisema, akisema ndiyo nitalichoma, hatalijua."

Begi la buluu lilikuwa limening'inizwa kwenye msumari wa nje. Kamba ilikuwa imeondolewa. Mahali pake palikuwa na mkanda mpya, mpana, umeshonwa kwa uzi mgumu wa nailoni, ule wa kufumia nyavu za kuchotea majani bwawani. Mshono ulikuwa umerudiwa na kurudiwa, jinsi mtu anavyoshona kitu asichotaka kije kimwangushe mwenyewe mbali na kwao.

Twaiba alilitia begi ndani, akaliweka mapajani juu ya nguo za harusi. Akaushika mkanda kwa mikono yote miwili, akauvuta, akauvuta kwa nguvu zake zote, akiomba ukatike.

Haukukatika.